Ghazali ya Kiurdu kwa sikio la Kiswahili: tumsomeje Ghalib

Aliyelelewa na mashairi ya vina na mizani akifungua diwani ya Kiurdu hujiona yuko nyumbani. Neno diwani analijua, bahari analijua, na humo ndani anakutana na dawa, dunia, hali, wakati na safari. Hapo ndipo anapoteleza, maana mengi anayoyatambua yamehama kidogo. "Sher" ya Kiurdu si shairi zima, ni ubeti mmoja wa mishororo miwili; "shair" ni mtunzi. "Bahr" si aina ya utungo kama bahari zetu, ni mpangilio wa silabi ndefu na fupi. Na "mushtaaq" hamshtaki mtu yeyote: ni mwenye shauku, na shauku yetu imetoka mzizi huohuo.

Usianze na diwani nzima wala na historia ya washairi wote wa Bara Hindi. Chukua ghazali moja, yaani utungo wa mapenzi wa beti za mishororo miwili miwili, ya mshairi wa Delhi Mirza Ghalib (1797–1869), ile inayoanza "Dil-e naadaan", ukae nayo wiki mbili. Tunaipendekeza hii kwa sababu Kiurdu chake ni chepesi. Ghazali zake za ujanani zimesheheni Kiajemi kiasi kwamba hata wasikilizaji wa Delhi walinung'unika. Hapa tunaziandika irabu ndefu kwa herufi mbili:

Dil-e naadaan tujhe huaa kyaa hai
Aakhir is dard kii davaa kyaa hai

Yaani: Ewe moyo mjinga, umepatwa na nini? Hivi maumivu haya, dawa yake nini? Ile "-e" baada ya "dil" ni kiungo cha Kiajemi kinachofunga nomino na sifa yake, nomino ikitangulia. Mswahili haimsumbui: moyo mjinga, kwa mpangilio uleule.

Kazi ya kwanza ni kutafuta kiishio. "Kyaa hai" inarudi mwishoni mwa mishororo yote miwili ya ubeti huu, kisha mwishoni mwa mshororo wa pili wa kila ubeti unaofuata. Hiyo ni radif. Neno linaloitangulia ndilo lenye kina, qafia: huaa, davaa, na mbele utakuta maajraa, khudaa. Mzoefu wa mashairi yetu atakataa hapohapo: a, va, ra na da zinalinganaje? Kwetu kina ni silabi kamili, konsonanti na irabu yake. Katika ghazali hii kinachotakiwa ni irabu "aa" peke yake. Usipolijua hili utadhani Ghalib kakosea, au utaanza kutafuta kina cha kati ambacho hakimo. Ghazali haina ukwapi na utao.

Mizani ndiyo inayowachosha wengi. Ukihesabu kwa vidole kama unavyohesabu nane kwa nane utapata idadi, lakini hutausikia mwendo. Igawe hivi: di-le-naa-daan, tu-jhe-hu-aa, kyaa-hai. Ni fupi fupi ndefu ndefu, fupi ndefu fupi ndefu, ndefu ndefu. Mshororo wa pili: aa-khi-ris-dar, d-kii-da-vaa, kyaa-hai. Tazama mambo mawili. "Aakhir is" imeungana, r ikahamia kwenye "is" ikawa "ris". Na "dard", ambayo mdomoni ni silabi moja, kwenye mizani ni mbili: "dar" ndefu, kisha "d" inasimama peke yake kama fupi. Silabi ya kwanza kabisa katika bahr hii ina ruhusa ya kuwa fupi au ndefu, ndiyo maana "di" na "aa" zinakaa mahali pamoja bila ugomvi. Piga meza kwa kiganja kwenye ndefu na kwa kidole kwenye fupi, mara kumi kila mshororo, kabla ya kufungua kamusi. Mwendo ukishaingia mkononi, neno ulilolisoma vibaya litajifichua lenyewe kwa kuvuruga pigo.

Waliopita chuo cha Kurani watazisoma herufi nyingi za maandishi ya Kiurdu, ila watamke Kihindi, si Kiarabu. Dhali, dhadi, zei na dha zote zinasomwa z, na the inasomwa s. Ramadhani huwa Ramzaan, hadithi huwa hadiis. Pana herufi za kuongeza pia: p, ch, g, na zile t, d na r zinazotamkwa kwa kukunja ulimi nyuma. Asiyeyajua maandishi hayo asisubiri. Tovuti ya Rekhta huweka ghazali hizi kwa herufi za Kirumi pia, na ukibonyeza neno unapata maana. Anayesoma Kiingereza atafute ukurasa wa Frances Pritchett, ambaye amezichambua ghazali zote za diwani ya Kiurdu ya Ghalib ubeti kwa ubeti.

Sasa maana. Ubeti wa pili: "Ham hain mushtaaq aur vo bezaar / yaa ilaahii ye maajraa kyaa hai". Nina shauku, naye kanichoka. Ya Ilahi, jambo gani hili? "Ham" kwa sarufi ni sisi, lakini mshairi anajisemea mwenyewe, kwa hiyo ukitafsiri "tuna shauku" umeleta watu wasiokuwepo. "Vo" haisemi mwanamume wala mwanamke, sawasawa na "yeye" yetu. Kiswahili kina bahati hapa. Mfasiri wa Kiingereza lazima achague jinsia, na akishachagua amefunga mlango, kwa kuwa mpendwa wa ghazali anaweza kuwa binadamu, anaweza kuwa mfalme anayemlisha mshairi, anaweza kuwa Mungu. Iache wazi.

Usiunganishe beti kuwa hadithi. Kila ubeti unasimama wenyewe. Mmoja unalia, unaofuata unatania. Wala usimgeuze msemaji wa ubeti kuwa Ghalib wa Delhi. Mvinyo, saqi anayeumimina, mhubiri anayechekwa, bulbul na waridi, nondo (kipepeo wa usiku) na mshumaa: hizo ni samani za nyumba ya ghazali, na hata wacha Mungu wasioonja tone walizitumia. Kwamba Ghalib mwenyewe alikunywa kweli ni habari nyingine.

Mahali pake pa asili ni mushaira, baraza ambako mshumaa ulisogezwa mbele ya mshairi aliyefikiwa na zamu. Anautoa mshororo wa kwanza, anaurudia, watu wanaupokea na kungoja. Wa pili unashuka na kina na radif yake, ukumbi unalipuka. Wakitaka tena husema "mukarrar", ndugu wa kukariri kwetu. Kwa hiyo soma ukiwa umefunika mshororo wa pili kwa karatasi. Jiulize utaishiaje, kisha funua. Ukisoma yote miwili kwa mpigo umeharibu karamu.

Kuhusu zama zake, kosa linalorudiwa ni kusikia kilio cha 1857, mwaka wa uasi dhidi ya Waingereza, katika kila ubeti wa huzuni. Diwani yake ya Kiurdu ilichapwa mara ya kwanza 1841, miaka 16 kabla Waingereza hawajaitwaa tena Delhi na baadaye kumhamisha mfalme Bahadur Shah Zafar hadi Rangoon, Burma, alikofia 1862. Anayetaka Ghalib wa maafa hayo asome barua zake, ambazo ni Kiurdu cha mazungumzo, kitamu mno.

Nyimbo nazo zisikilizwe, lakini zisiwe nakala yako. Waimbaji huchagua beti nne au tano na kuacha zilizobaki.

Ubeti wa mwisho, maqta, hubeba jina la ushairi: "Main ne maanaa ki kuchh nahiin Ghaalib / muft haath aae to buraa kyaa hai". Nakubali Ghalib si kitu. Akipatikana bure, ubaya uko wapi? Ghalib maana yake mshindi, mzizi mmoja na aghalabu, na hapa mshindi anajinadi kwa bei ya bure. Ukiweza kumchekesha mtu kwa ubeti huu bila kuueleza, nenda kwenye "Hazaaron khvaahishen aisii". Radif yake, "nikle", ni kitenzi cha kutoka: penye "dam nikle" ni roho itoke, penye "kam nikle" ni matamanio yaliyotimia machache. Ziandike "nikle" zote kwenye safu moja, na mbele ya kila moja kitenzi cha Kiswahili ulichochagua. Safu ikijaa kitenzi kimoja tu, rudia.