Barua kwa mwanangu: ilimba ya babu yako ndani ya simu

Mbukwa, mwanangu. Huku wote wazima.

Umeuliza kama programu yako ya ilimba, ala yetu ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, uitoe bure au uiuze. Bei nitaifikia. Kwanza tuzungumze juu ya sauti, kwa sababu nimeisikiliza ile uliyomtumia dada yako, na sauti ndiyo mali. Vinanda vya simu vimejaa tele. Anayetafuta ilimba anatafuta ilimba.

Umezivuta sauti zote zikae sawa na kinanda. Zirudishe. Ngazi yetu Wagogo inafuata sauti zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja: ya 5 katika mfululizo huo iko senti 14 chini ya ile ya kinanda, ya 7 iko senti 31 chini (senti 100 ni hatua moja kati ya funguo mbili za kinanda zinazofuatana). Kipimo cha kutyuni kitawaka chekundu, na wewe kiache kiwake.

Unakumbuka ile CD ya babu yako. Fundi wa studio alifanya hivyo hivyo, kisha akafuta na ule mvumo wa utando wa buibui kwenye matundu ya sanduku, akidhani ni kelele ya maiki. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyu anayepiga ni nani?" Hakuwa anatania. Mpaka leo nikiiona kabatini moyo unaniuma, maana mzee alikuwa ameshawaambia watu wa kijiji kizima waje wasikilize.

Kwa hiyo usipitishe kifuta kelele hata kidogo. Rekodi usiku, upepo wa Dodoma ukitulia na bati likiacha kulia, kwa hezi 48,000, yaani vipimo 48,000 vya sauti kila sekunde. Kila chuma kipige kwa nguvu tatu, polepole, kawaida na kwa nguvu, na kila nguvu mara mbili, ili vidole vikirudia haraka isisikike mashine. Vyuma 15 ni faili 90. Sekunde nne za sauti ya mkondo mmoja wa biti 16 ni kilobaiti 384, kwa hiyo zote hazizidi MB 35. Ukitaka kupunguza ukubwa, tumia faili za aina ya Ogg. MP3 iache: hutanguliza kimya kifupi mwanzoni mwa faili, na mpigaji ataona kidole kimefika, sauti bado.

Kuchelewa kwa sauti ndiko kunakoua programu za muziki kwenye Android. Tumia maktaba ya Oboe, msimbo wa Google wa kutoa sauti haraka, iombe hali ya ucheleweshaji mdogo, na hezi za faili zako ziendane na za simu yenyewe. Zisipoendana, mfumo huzibadilisha njiani na sauti inakosa njia ya haraka. Kwa 48,000, bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri kutoka, ikiwa ya vipimo 192 ni milisekunde 4. Spika za masikioni za Bluetooth huchelewesha hata uandike nini, basi sema hivyo kwenye maelezo ya programu, usije ukapewa nyota moja kwa kosa lisilo lako. Simu ikiita, ilimba inyamaze yenyewe.

Sasa bei. Ukishaitoa bure, Google Play haikuruhusu kuigeuza ya kulipiwa. Itabidi utoe programu nyingine yenye jina jipya la kifurushi, yaani kitambulisho chake dukani. Hapo nasema iuze. Lakini vijana wa Nkuhungu wenye simu na bando la siku, nani atalipia kitu asichokijua? Basi iwe bure, na milio ya zeze na marimba madogo iuzwe ndani yake, hilo linaruhusiwa. Halafu namkumbuka babu yako aliyepiga maisha yake yote bila kulipwa, nageuka tena. Ningekwambia ninavyotaka mimi, ila programu ni yako, na hapa najizuia kwa shida. Sauti ikiwa sahihi, bei utaipata. Sauti ndiyo mali.

Ufunguo wa kusaini, lile faili la siri linalothibitisha kuwa programu ni yako, uweke nakala mbili, mojawapo nje ya kompyuta yako.

Ada ya akaunti ya Google Play ni dola 25, mara moja tu. Akaunti binafsi mpya inadai majaribio ya faragha ya watu wasiopungua 12, wakae ndani siku 14 mfululizo, ndipo uombe kuitoa kwa umma. Usikusanye 12 kamili. Tafuta 18, maana watu hujitoa bila kuaga. Andika mimi, mama yako, dada yako na wajomba wawili wa Chamwino. Simu ya mjomba mkubwa ina RAM ya GB 2, anza na hiyo. Kama vyuma vitatu vikipigwa pamoja sauti inakatika, punguza sauti zinazolia kwa wakati mmoja kabla hujagusa kitu kingine. Kiungo kitume kabla ya Jumamosi, tunakwenda Mpwapwa na huko mtandao unasumbua.

Baba yako