Mwenzetu amerudi kazini na kitimwendo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kampuni moja ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, yenye wafanyakazi 60. Dada mmoja wa uhasibu aliumia uti wa mgongo katika ajali ya bodaboda akiwa kwenye shughuli zake binafsi, na sasa anatumia kitimwendo. Mlangoni pana ngazi tatu, ofisi yake iko ghorofa ya pili, na lifti hakuna. Meneja amemshauri achukue likizo bila malipo “mpaka mambo yatengemae.” Nataka kumtetea, lakini nachelea kumharibia. Nianzie wapi?
Msomaji, Ubungo

JIBU: Ndugu Katibu, zungumza naye yeye kabla ya kuzungumza na meneja. Watetezi wenye nia njema mara nyingi huingia kwa mwajiri na hoja nzito wakati mwenye jambo hajui kinachosemwa juu yake, na hapo tayari ameshanyimwa nafasi ya kujisemea. Muulize ni kitu gani hasa kinachomzuia, ni kazi zipi anazimudu bila msaada wowote, na kama angependa mwende pamoja. Habari za matibabu yake zisitoke kinywani mwako zaidi ya zile alizokubali mwenyewe zitolewe.

Kisha andikeni barua yenye vipimo. Maombi ya huruma hujibiwa kwa pole, lakini maombi yanayotaja kitu na kipimo chake yanahitaji jibu la ndiyo au hapana. Kwa mteremko wa mlangoni, kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: ikiwa ngazi zenu tatu zina jumla ya kimo cha sentimeta 45, mteremko utahitaji urefu wa mita 5.4. Fundi akiweka ubao mfupi uliosimama, dada yetu atalazimika kusukumwa kila asubuhi mbele ya wateja, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyezoea kuingia kazini kwa miguu yake. Pimeni pia mlango wa choo na nafasi ya kugeuza kiti ndani yake. Choo ndicho kinachosahauliwa mara kwa mara, na mtu asiyeweza kukitumia huacha kunywa maji kutwa nzima katika joto hili la Dar, jambo la hatari kwa aliyeumia uti wa mgongo, ambaye tayari huandamwa kwa urahisi na maambukizi ya njia ya mkojo.

Lifti msiidai kwa sasa. Ombeni meza yake ishushwe chini, kwa kuwa hesabu hufanyika kwenye kompyuta popote ilipo. Ikiwa anategemea mwendokasi, ombeni pia aingie saa nne na kutoka baadaye, maana vituo vile vilijengwa na miteremko, lakini asubuhi basi likijaa, kiti hakipati pa kukaa.

Kuhusu sheria, nguzo yenu ya kwanza ni kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinachokataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Mwajiri anaweza kujitetea kwamba sifa fulani ni hitaji la msingi la kazi yenyewe, lakini kupanda ngazi si hitaji la msingi la uhasibu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu wanaostahili kazi hiyo. Kwenu ni kama watu wawili. Itajeni, ila kwa maoni yangu msianze nayo, kwa kuwa dada huyu anadai kuendelea na kazi aliyoajiriwa kuifanya, wala hajaja kujaza idadi.

Asitie saini likizo hiyo kwa haraka. Mazungumzo yakikwama, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 ikiwa ameachishwa kazi, na ndani ya siku 60 kwa migogoro mingine. Hesabuni siku hizo tangu mwanzo, hata kama meneja anaahidi kwa upole.

SWALI: Ninasimamia karakana ya ushonaji Temeke, na kijana kiziwi ameomba kazi. Je, inatosha kumhoji kwa kuandikiana kwenye karatasi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Muulize yeye kwanza anavyopendelea. Kwa viziwi wengi Lugha ya Alama ndiyo lugha ya kwanza, na Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili, hivyo karatasi inaweza kumwonyesha kuwa hajui kazi anayoijua vizuri. Akitaka mkalimani, ulizeni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na gharama ibebwe na karakana, si na mwombaji. Siku ya usaili mtazame kijana unapouliza, usimtazame mkalimani, kisha mpe kitambaa na cherehani umwone akishona.