Ruzizi inatoka nyepesi, inafika na tope: majibu kwa wasomaji wa Bukavu

Papa mmoja wa Kadutu: "Ruzizi ikitoka ziwani hapa mpakani ina rangi ya kijani. Nikishuka hadi Kamanyola wakati wa mvua, maji ni ya udongo. Kimetokea nini njiani?"

Papa, Ziwa Kivu linachuja. Udongo wa vijito unazama humo, na mto unatoka na maji mepesi. Kisha unateremka kwa kasi: kutoka Kivu, mita 1,460 hivi juu ya bahari, hadi Tanganyika, mita 770 hivi, ni kilomita 120 tu. Njiani unapokea vijito vya kwetu, vya Rwanda na vya Burundi, vingi vikitoka kwenye milima iliyolimwa hadi kileleni. Mvua ikipiga shamba la mihogo lisilo na majani ya kulifunika, udongo unashuka nayo.

Chota maji hayo, tia kwenye chupa nyeupe, acha hadi kesho. Tope utakaloliona chini ndilo linaloingia Tanganyika. Kule kuna samaki wadogo wanaoishi kwenye mawe ya pwani, wanaokwangua utando wa kijani ulioshika juu ya jiwe. Tope likilala pale, chakula kinafunikwa, na nyufa za kujifichia zinajaa. Wengi wa samaki hao hawapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Linaniuma sana hilo, maana wanaoishi kando ya Ruzizi hawawaoni hata siku moja.

Mama wa Bagira: "Kahuzi-Biega bado ni kijani. Mbona mnasema gorila wana shida?"

Kijani peke yake hakitoshi, Mama. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1970 kwenye milima, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kufikia kilomita za mraba 6,000 hivi. Sehemu ya mlimani ni kama 600 tu. Sehemu kubwa iko kwenye misitu ya chini, magharibi. Zinaunganishwa na ukanda mwembamba wa Nindja, na huko watu wamelima na kufuga. Mnyama asipoweza kupita, kundi la juu linabaki kuzaana lenyewe kwa lenyewe. Tena kwenye ukingo wa msitu ndiko mitego, mbwa na wachoma makala wanakofika kwanza. Kwa hiyo wataalamu hawahesabu miti tu. Wanapima pia umbali kutoka barabarani, mashambani na kwenye machimbo, na kama vipande vya msitu vinashikana.

Mwanafunzi wa Ibanda: "Katika bonde lote la Kongo, makazi ya viumbe ni mazuri zaidi wapi?"

Katikati, kwenye misitu ya kinamasi ambako barabara ni chache na maji yamefunika ardhi. Bonde zima, yaani nchi yote ambayo mvua yake inaishia mto Kongo, lina kilomita za mraba milioni 3.7 hivi. Kingo zake ndizo zimechoka, hasa huku kwetu mashariki ambako watu ni wengi na udongo wa volkano unavutia wakulima. Tuko ndani ya bonde hilo: maji ya Ruzizi yanaingia Tanganyika, yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanafika Lualaba, yaani mto Kongo wenyewe sehemu ya juu. Mvua ya magharibi ya Kahuzi haipiti Ruzizi. Inakwenda Lualaba kwa njia ya Shabunda na Walikale.

Mkulima: "Nimepanda mikaratusi kwenye mteremko. Si msitu huo?"

Ni mbao na makala, na kila mti wa kupandwa unaokatwa kwa makala unaupunguzia Kahuzi mzigo. Endelea. Lakini chini ya mikaratusi majani ni machache, ndege na wadudu wa msituni hawapati chakula, na mvua kubwa bado inabeba udongo. Kando ya kijito usipande mikaratusi wala usilime hadi majini. Acha hatua kadhaa za miti ya kienyeji na matete. Matete yanashika udongo, na ukiyakata kwa zamu mbuzi wako watakula.