Apdeti za Windows ofisini: usizizime mkuu, zipange

Mkuu, umesema ofisini kwenu mna kompyuta 60, laini ya intaneti ni Mbps 10, na kila mwezi kuna Jumatano moja asubuhi mtandao unakufa kabisa mpaka bosi ameagiza uzime apdeti kwenye mashine zote yaishe. Usizime. Hicho kiti nimekikalia miaka, najua presha yake, ila tatizo lako lina dawa na wala siyo ya hela nyingi.

Kwanza kwa nini Jumatano. Microsoft wanatoa apdeti za usalama Jumanne ya pili ya mwezi, asubuhi ya kule kwao Marekani, huku kwetu inakuwa saa mbili au saa tatu usiku, watu washaondoka. Kesho yake watu wanaingia, wanawasha mashine, zote 60 zinaanza kuvuta mzigo ule ule kutoka nje. Piga hesabu, tuseme apdeti ina GB 1, mara 60 ni GB 60, kwa laini yako hiyo ni masaa 13 na ushee hata kama hakuna mtu anayefungua barua pepe. Ukiweka seva moja ya kushusha mara moja, alafu zingine zichukue kwake kwa ndani, huko nje unatumia dakika 13 tu.

Hiyo kazi inafanywa na WSUS (Windows Server Update Services), ipo ndani ya Windows Server, ile Windows ya seva, hulipii leseni ya pembeni. Microsoft walitangaza Septemba 2024 kwamba hawataiongezea vitu vipya, lakini hata kwenye Windows Server 2025 ipo na inapiga kazi. Ukishaiweka, kwenye Group Policy, yaani pale unapopanga mipangilio ya mashine zote kutoka sehemu moja, unazielekeza mashine kwa jina la seva na poti 8530, mlango wa WSUS kwenye mtandao. Chagua bidhaa mlizonazo tu, lugha mnayotumia tu, draiva (programu za kuendesha vifaa kama printa) usiziguse kabisa, la sivyo diski itajaa kabla hujamaliza mwezi.

Sasa kitu kilichonila wiki mbili nzima, nakuandikia kwa kirefu kisikukute. Mashine zetu nyingi fundi alizikloni, yaani alipanga moja vizuri akanakili diski yake kwenye zingine bila kupitisha kwanza Sysprep, kifaa cha Windows cha kufuta utambulisho wa mashine kabla ya kuinakili. Nikaunganisha mashine 40 na kitu, kwenye konso, ile skrini ya kusimamia WSUS, naona 1. Kesho yake bado 1, ila jina limebadilika. Nikahangaika na fayawoli, nikahangaika na DNS, wapi. Kumbe kila mashine ina namba yake ya utambulisho wa WSUS inayokaa kwenye rejistri, daftari la mipangilio ya Windows, na zangu zote zilikuwa na namba moja, kwa hiyo seva inaona ni mashine ile ile inabadili jina. Dawa ni kusimamisha huduma ya Windows Update, unaingia rejistri kwenye HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\WindowsUpdate, unafuta SusClientId na SusClientIdValidation, unawasha huduma tena, alafu unapiga wuauclt /resetauthorization /detectnow ili mashine ijitambulishe upya kwa seva (kwenye Windows 10 na 11 hiyo detectnow iliondolewa, tumia PowerShell: (New-Object -ComObject Microsoft.Update.AutoUpdate).DetectNow()). Usizunguke mashine moja moja, andika skripti uisukume kwa Group Policy, ila hakikisha kila mashine inaipitia mara moja tu, maana ikijirudia kila ikiwashwa namba zitakuwa zinabadilika kila siku na konso haitaeleweka.

Alafu kuna hili la makundi, maana kwenye WSUS unagawa mashine na kuidhinisha apdeti kundi kwa kundi, na hapa ndo watu wengi wanakosea, hata waliosoma. Wanakwambia pima kwanza kwenye mashine za IT ndo uruhusu ofisi nzima. Mimi nilifanya hivyo Agosti 2021, zile apdeti za kuziba tundu la huduma ya kuprinti, wanaliita PrintNightmare. Kwetu IT zote zikakaa sawa, nikaidhinisha kwa ghorofa zote. Kumbe kuanzia apdeti ile mtumiaji wa kawaida hawezi tena kuweka wala kubadili draiva ya printa mpaka iingizwe nywila ya msimamizi, na sisi IT wote tulikuwa wasimamizi, tungeona wapi? Ilikuwa wiki ya mishahara. Uhasibu kila anayeprinti anaombwa nywila. Mama mmoja wa pale akanifuata mpaka mezani na flashi mkononi, akaniambia mwanangu, barua ya benki inatakiwa isainiwe leo, watu wana watoto wa shule. Nilipanda na kushuka ngazi mpaka jioni naweka draiva mashine kwa mashine, na barua ilifika benki kesho yake.

Tangu hapo kundi langu la kwanza lina mashine moja ya kila idara, zote za watumiaji wa kawaida wasio na haki za usimamizi, na ya uhasibu lazima iwe ile yenye programu ya mishahara na printa yake. Hao wanapata Jumatano. Nawapa siku 5 za kazi, napita nawauliza wenyewe uso kwa uso, maana mtu hakuandikii kwamba printa imegoma, anahamia kwa jirani. Kundi la pili ni ofisi iliyobaki. La tatu ni mashine za malipo, na hizo siziidhinishii kitu kuanzia tarehe 20 mpaka mishahara itoke.

Muda wa kuistoli usiweke usiku, huku kwetu watu wanazima hadi soketi wakiondoka. Mimi naweka saa saba mchana watu wakiwa wanakula, siku moja kabla natuma ujumbe kwenye grupu la ofisi kwamba wasevu kazi zao. Mashine isiyo na UPS, ile betri ya akiba, usiilazimishe siku umeme unachezacheza, ukikatika katikati unaweza kukuta mashine haiwaki kabisa.

Bosi akiendelea kusema zima, mwambie habari ya WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya kompyuta na kudai hela. Apdeti ya kuziba tundu kilikopitia ilitoka tarehe 14 Machi 2017, shambulio likaja tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, na hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Mimi wa kwangu alinielewa hapo hapo.

Ukishaweka na konso ikawa inakata kila ukiifungua, nenda IIS, programu ya seva ambayo WSUS inaendeshwa ndani yake, tafuta WsusPool, sehemu ya WSUS humo, upandishe kikomo cha memori, kinakuja na kama GB 1.8 ambayo haitoshi, mimi nimeweka 4. Seva yako ina RAM kiasi gani?