Nani Atakupokea Zamu?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza swali moja tu: kati ya kazi mbili ulizoitiwa, ipi ina saa zitakazokuwezesha kumpeleka mtoto shule asubuhi na kumfuata alasiri. Ya kwanza ni ya kufanyia nyumbani. Utahudumia wateja wa kampuni kwa simu na kompyuta, saa unajipangia mwenyewe, na mshahara ni mzuri. Ya pili ni ya masjala ya hospitali, zamu ya saa 2:30 asubuhi hadi saa 8:30 mchana, na mshahara mdogo.

Saa za zote mbili zinapendeza ukizisoma. Lakini tupige hesabu. Shule inaingia saa 2, inatoka saa 9. Hizo ni saa 7. Toa nusu saa ya kutoka shuleni hadi kazini, toa nusu saa nyingine ya kurudi, zinabaki saa 6 kamili, bila foleni na bila kiatu kimoja kupotea asubuhi. Hiyo ya hospitali imeingia humo barabara. Ya nyumbani inaingia pia, tena inabakiza. Basi ungetaka niishie hapo, nikujibu tu kwamba zote sawa, chagua yenye fedha.

Siwezi, kwa sababu mimi sitazami saa. Natazama mtu. Ikifika saa 8:30 na kazi haijaisha, nani atakupokea? Umenisikia nikilisema hili tangu ukiwa sekondari na utalisikia tena: kazi isiyo na wa kukupokea haina saa ya kutoka, hata mkataba uandike nini.

Umeshajua ninakoelekea. Ile siku ya ngazi. Kaka yako huisimulia kama aliyeshuhudia, na alikuwa hajazaliwa. Wewe ulikuwa na miaka 6, kwa hiyo nadhani unakumbuka ngazi tu. Upande wangu sijawahi kukueleza wote.

Nilikuwa keshia, na kwa mkataba nafunga saa 8. Nilikubali kazi ile kwa ajili ya saa 8 hiyo, nikaikataa nyingine iliyolipa zaidi. Ila droo ilikuwa yangu peke yangu. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuihesabu, na siku hesabu isipokaa sawa, sitoki. Siku ile ilipungua. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, ningeweza kukitoa mkobani mwangu, na nikamwomba mkuu wangu anikubalie nikilipe niende. Akasema si utaratibu, na alikuwa sahihi. Nikahesabu upya. Noti nikazipanga mafungu mafungu, hati za malipo nikazigeuza moja moja. Shule nilipiga simu, hakuna aliyepokea. Saa 9 ikapita, saa 10 ikapita. Wenzangu watatu walikuwa wamekaa pale pale, watu wema, kila mmoja na droo yake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia "lete, nenda kamchukue mtoto".

Upungufu niliupata saa 11 kasoro. Hati mbili za malipo ziligandana kwa gundi, ile ya chini sikuiingiza.

Nilipofika, geti lilikuwa limefungwa nusu. Mlinzi alikuwa amesogeza kiti chake karibu nawe. Ulikuwa umekaa ngazi ya pili kutoka chini, begi bado liko mgongoni, mikanda yote miwili. Muda wote ule hukulivua, kwa maana ulijua naja wakati wowote. Hukulia. Uliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua utaratibu: "Kesho nikae ngazi hii hii, au ile ya chini?"

Ungelia ningejua la kufanya.

Miezi 4 baadaye niliacha ukeshia, nikaenda duka la dawa kuanza upya chini kabisa, kupanga rafu na kuandika daftari, kisha nikasoma taratibu hadi nikasimama kaunta. Baba yako, Mungu amrehemu, alinyamaza siku mbili alipoona mshahara wangu mpya. Lakini nikueleze siku yangu ya kwanza kaunta, maana hiyo nayo sijakueleza. Nilikuwa katikati ya kumhudumia mzee mmoja, dawa tatu, mbili nimeshazitoa. Saa ikafika. Mwenzangu wa zamu ya mchana akavaa koti lake jeupe, akasimama ubavuni kwangu, akasoma karatasi ya daktari, akasoma daftari, akaniambia, "Ya tatu naitoa mimi. Nenda." Mzee hata kichwa hakuinua. Dawa ile ile, maelezo yale yale. Nilitembea hadi shuleni nikafika kabla ya kengele, nikasimama getini na watoto wote bado wako ndani. Sikuwa nimewahi kuisikia kengele ile nikiwa nje. Niliisikia kama imepigwa kwa ajili yangu.

Kwa hiyo mwaka 2023, mwanauchumi Claudia Goldin wa Chuo Kikuu cha Harvard alipopewa tuzo ya Nobel ya uchumi nikasoma alichoandika, nilimwita kaka yako aje aone. Goldin na mwenzake Lawrence Katz waliwachunguza wafamasia wa Marekani. Zamani duka la dawa lilikuwa mali ya mtu mmoja, na mwenye duka ndiye aliyebaki hadi usiku. Baadaye yakaja maduka yenye matawi na kazi za hospitalini, dawa zikawa za kiwandani zinazofanana kila mahali, kumbukumbu za wagonjwa zikaingia kwenye kompyuta. Mfamasia mmoja akaweza kuendelea pale mwenzake alipoishia. Matokeo yake, anayefanya saa chache hapunjwi sana katika kila saa anayofanya, na leo wanawake ni zaidi ya nusu ya wafamasia wa kule. Kazi za namna nyingine, anasema, zina uroho: zinamtuza kupita kiasi yule anayekubali kuitwa saa yoyote, na mzazi mwenye mtoto wa kumfuata shule ndiye anayeachwa nyuma. Yeye ana takwimu za miaka mingi, mimi nilikuwa na droo na kaunta, na tumefika mahali pamoja.

Najua utakalonijibu, maana nami nimejijibu hivyo usiku mwingi. Utasema: Mama, mtu ambaye yeyote anaweza kushika nafasi yake ndiye wa kwanza kupunguzwa. Ni kweli. Na kama ningevumilia ukeshia, huenda ningepanda: yule aliyekaa droo jirani na yangu alikuja kuwa mhasibu mkuu, na hakunizidi akili. Ada ya kaka yako tuliikopa. Yapo hayo, siyafichi. Na hiyo ngazi ilikuwa siku moja tu katika miaka miwili, wala hukudhurika. Mlinzi alikuwa mtu mzuri kuliko watu wengi niliofanya nao kazi. Mtu mwingine angeisahau. Nimejaribu.

Lakini kupokewa zamu si kudharauliwa. Daktari hupokewa zamu, rubani hupokewa zamu. Hakuna anayesema hawana thamani.

Hiyo ya nyumbani ndiyo inanitia wasiwasi, hasa hilo neno "unajipangia mwenyewe". Mteja akipiga saa 8:50, nawe umeshika ufunguo wa mlango, simu inaingia kwa nani? Kama wateja ni wako peke yako, utaongea nao ukiwa getini, mtoto anakuonyesha mchoro nawe unamnyamazisha kwa kidole. Kama kuna mwenzako anayeona kumbukumbu zile zile na anayeweza kupokea, basi ni kazi nzuri kuliko ya hospitali, nami nitakuwa wa kwanza kusema hivyo. Waulize kabla ya kutia sahihi. Waulize pia likizo. Shule hufunga zaidi ya miezi 2 kwa mwaka, na likizo yako haifiki hata nusu yake. Ndiyo maana wengi hukimbilia kazi za shuleni penyewe, na kwa likizo wako sahihi, ingawa mwalimu hurudi nyumbani na rundo la madaftari. Yale masomo ya ziada kwa mtandao uliyoyataja mwishoni yaache. Wanafunzi wako watakuwa huru saa zile zile mtoto wako anapotoka shule.

Na jambo moja ambalo hukuniuliza kabisa. Barua nzima kurasa mbili, mumeo ametajwa mara moja, kwamba anakusalimia. Anayesema mzazi hana budi kupanga kazi kufuata shule, anamaanisha nani? Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unawahusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, na umetaja wanaume kwa wanawake kwa usawa. Watu wazima waliketi wakaliona hilo miaka hiyo. Akichukua asubuhi tu, ile ya kumpeleka, wewe unaingia kazini mapema na saa zako 6 zinakuwa 7. Hata nyumbani mtu anaweza kupokewa zamu. Mimi na baba yako hatukulizungumza kamwe. Nilidhani lilikuwa langu.

Nilikuwa nimeandika hapa ningechagua ipi kama ningekuwa wewe. Nimekata. Utaona mstari uliokatwa, usijaribu kuusoma kwenye mwanga, nakujua. Mshahara ni wako, mtoto ni wako, na masjala ya hospitali nayo inaweza kuwa na mtu mmoja tu mwenye funguo, sijaiona.

Waulize kote kuwili swali moja: ikifika saa yangu na kazi haijaisha, nani anapokea? Wakikujibu kwa jina la mtu au la zamu, niandikie. Wakikujibu kwamba "kwa kawaida haitokei", niandikie upesi zaidi. Na uniambie mumeo amesemaje kuhusu asubuhi.

Mama yako