Mwanangu, urafiki unataka saa

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini hii ni wiki ya tano hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wenzako wana makundi yao, na wewe bado unakula peke yako kafeteria. Ukauliza kama una kasoro. Huna. Unachokosa ni saa za kukaa na watu walewale.

Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alikadiria kwamba mtu unayefahamiana naye tu huchukua kama saa 50 kuwa rafiki wa kawaida, 90 kuwa rafiki hasa, na zaidi ya 200 kuwa wa karibu. Salamu za kwenye korido kwa wiki tano hazifiki hata saa tano.

Anzia kwenye semina. Lekcha ina mamia ya watu na jirani yako hubadilika kila siku. Semina ni wachache, na kila wiki ni walewale. Fika mapema, keti palepale, uliza jina na wiki inayofuata umwite kwa jina hilo. Kisha waalike wawili au watatu kwa siku, saa na mahali: "Jumanne saa kumi nitakuwa kwenye kimbweta, ile meza ya nje ya kusomea, karibu na maktaba, napitia maswali ya semina. Njoo tufanye pamoja." Ukisema "tutatafutana", hakuna atakayekutafuta. Wasipotokea, Jumanne ijayo kaa palepale na uwaambie tena. Huenda mtu ana testi, hana nauli ya kutoka hosteli ya Mabibo, au amesahau tu.

Diskasheni tatu kwa wiki za saa mbili mbili zinakupa saa 48 kwa wiki nane. Ila Hall aliona pia kwamba saa za kazi hazijengi urafiki kama saa za mapumziko. Kwa hiyo daftari zikifungwa, sema "twende tukale". Kwenye sahani ya chipsi ndipo watu huulizana kwao wapi, na nani anamlipia ada.

Chagua kikundi kimoja tu chenye mazoezi ya kila wiki, kwaya au netiboli, uombe kazi ndogo: kupanga viti, kuandika mahudhurio. Mwenye kazi husemeshwa hata akiwa mkimya kama wewe.

Hili litakuuma: usikimbilie kwa shangazi yako kila Ijumaa. Jumamosi ndiyo siku watu wanafua pamoja na kupika bwenini, na wewe haupo. Nenda mara moja kwa mwezi. Shangazi nitaongea naye mimi. Na bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likiingia, usilitumie kulisha watu ili wakupende. Litaisha nao wataondoka.

Ukipitisha wiki mbili bila usingizi au hamu ya kula, au ukianza kukwepa vipindi, nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi uombe kuonana na mnasihi. Usisubiri matokeo yaharibike. Nami nipigie siku hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Mama yako