Mama anaogopa kuingia hekalu la Wabahai, tufanyeje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi na mama yangu tutakuwa New Delhi kwa muda kidogo, nataka nimpeleke akaone lile jengo jeupe la Wabahai (waumini wa dini ya Kibahai) lenye umbo la ua, Lotus Temple. Sisi sio Wabahai na mama ni mtu wa dini yake kabisa, ameshaanza kuniuliza humo ndani kuna sanamu ya nani, watatuhubiria? watatuomba sadaka? Naomba mnisaidie nijue cha kumjibu.

JIBU: Mpeleke ndugu yangu, na mwambie mapema kabisa kwamba humo ndani hamna sanamu ya mtu yeyote. Hamna picha, hamna madhabahu wala mimbari, na sio Delhi tu, ndo utaratibu wa nyumba zote za ibada za Wabahai, kuanzia ile ya Kampala pale kilima cha Kikaaya ya mwaka 1961 mpaka ile ya Santiago kule Chile iliyofunguliwa 2016. Mahubiri pia hamna. Kwenye ibada kinachosikika ni sala na maandiko matakatifu, ya Kibahai na ya dini zingine pia, yanasomwa au yanaimbwa kwa sauti ya binadamu peke yake bila chombo chochote cha muziki, kwaiyo mama anaweza kabisa kukaa akasikia maneno ya kitabu anachokijua tangu utotoni. Sadaka msiwaze, kuingia ni bure, alafu Wabahai wenyewe hawapokei mchango wa dini yao kutoka kwa asiye Mbahai.

Sasa siku yenyewe. Msiende Jumatatu, wanafunga. Mtatembea kwenye bustani kubwa, viatu mnavua kabla ya kuingia, na kama ni msimu wa joto mama avae soksi mana jua la Delhi likishapiga sakafu unyayo unaungua kweli. Kabla ya mlango kuna watu wa kujitolea wanakusanya wageni kikundi kikundi wanaelezea taratibu: simu kimya, hakuna kupiga picha ndani, hakuna kuongea. Basi. Hakuna anayekuuliza dini yako.

Kitu ninachowaomba sana ni mkae. Watu wengi wanaingia mlango huu wanatokea ule, wamemaliza, wanarudi nje kupiga selfi, na mimi hilo linaniuma kwasababu nyumba ile imejengwa kwa ajili ya mtu kutulia. Tafuteni benchi muangalie juu. Yale mapetali ni 27, yamefunikwa marumaru nyeupe iliyotoka Ugiriki, yamepangwa tisa tisa mpaka juu na mwanga unashukia katikati taratibu, na jengo lina pande tisa kama nyumba zao zote za ibada. Aliyelichora ni Fariborz Sahba, msanifu mzaliwa wa Iran, likafunguliwa 1986. Na yale mabwawa tisa mtakayoyaona nje sio urembo tu, hewa inapita juu ya maji inapoa kidogo, inaingia kwa chini, ile ya moto inapanda na kutokea juu, ndo maana ukumbi wote ule unapumua. Mimi naona hapo ndo akili ya jengo ilipo kuliko hata umbo la ua ambalo kila mtu analipiga picha.

Kuhusu hofu ya mama, usimbishie wala usimdanganye kwamba ni jumba la makumbusho, mwambie ni nyumba ya ibada ya watu wanaoamini Mungu ni mmoja, na mtu wa dini yoyote anaruhusiwa kuomba mle kimoyomoyo kwa namna anayoijua. Akiridhika mwingie pamoja, na akisema moyo wake bado haujakubali basi usimlazimishe, mtafutie kivuli bustanini apumzike, wewe ingia utamkuta palepale.